Vitamini ya kuondoa ganzi inapoleta ganzi

Msomaji, ukiingia katika duka la dawa pale Oyugis ukalalamika kwamba nyayo zinawaka moto au vidole vimekufa ganzi, si ajabu ukatoka na tembe za vitamini B bila kuulizwa cheti cha daktari.

Kwa wakazi wa Homa Bay jambo hili si dogo. Kaunti hii ni miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na Ukimwi nchini, na tangu mwaka wa 2015 wengi wanaoishi na virusi wamepewa isoniazidi ili wasishikwe na kifua kikuu. Dawa hiyo hupunguza vitamini B6 mwilini, na mishipa ya fahamu huumia. Ndiyo sababu kliniki hutoa tembe ya B6 pamoja nayo, kwa kawaida miligramu 25 au 50 kwa siku. Hiyo usiiache.

Taabu huanza mgonjwa anapojiongezea. Baadhi ya tembe za "mishipa" huwa na miligramu 100 au 200 za B6, ilhali mtu mzima mwenye afya huhitaji kama miligramu 1.3 tu (nazo hupatikana kwa samaki, ndizi na viazi vitamu, ambavyo Rachuonyo haikosi). Akimeza mbili tatu kila siku kwa miezi, B6 ile ile huweza kuharibu mishipa ya hisia. Mwaka wa 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliomeza gramu 2 hadi 6 kwa siku wakashindwa kutembea sawasawa. Baadaye imeonekana kwamba hata vipimo vidogo zaidi hudhuru vikitumiwa kwa muda mrefu. Na dalili zake ni zile zile alizokwenda kutibu, basi huongeza tembe!

Utasikia ikisemwa kwamba vitamini B haina madhara, ziada hutoka na mkojo, tazama ulivyo wa manjano. Manjano hayo ni ya vitamini B2. Hayakuambii lolote kuhusu B6.

Kwa maoni yangu, tembe kali kama hizi hazifai kuuzwa kama peremende. Muuzaji amuulize mteja kwanza anameza dawa gani nyingine. Nawe ganzi ikikupata, beba pakiti zote ulizo nazo, hata za dukani, ukamwonyeshe daktari. Huenda ni kisukari, huenda ni virusi vyenyewe, huenda ni hizo ulizojinunulia. Wengi wanaoacha mapema hupata nafuu, ingawa huchukua miezi, na kwa wengine ganzi haiishi kabisa.