Kushawishi si Kuhadaa

Wanafunzi wenzangu wamepata jiwe jipya la kurushiana mitandaoni, nalo ni neno "propaganda". Mtu akiandika kwa uchungu kwamba ada imepanda, anaambiwa anachochea. Akiweka picha ya mgonjwa na kuomba mchango, anaambiwa anatuchezea akili. Upande wa pili wapo wanaotetea kila chapisho kwa maneno mawili: utani tu. Ninayapinga makundi yote mawili. La kwanza linapima ukali wa hisia, la pili linapima wepesi wa maneno, na vipimo vyote viwili havituambii kama tumedanganywa.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kutenganisha kushawishi na kuhadaa. Anayenishawishi ananivuta upande wake kwa hoja au kwa machozi, nami najua ananivuta na anataka nini. Anayenihadaa ananificha jambo ambalo kama ningelijua, nisingevutika.

Chukua mfano mwepesi. Mtu anaandika, "Jamani, mafuta haya yamenikuza nywele!" na kuweka vicheko vitatu. Hana uchungu wala hoja ndefu. Lakini kama muuzaji amemlipa naye amenyamaza, amewahadaa wasomaji wake. Akiongeza kwamba amelipwa, sifa zile zile zinakuwa tangazo la kawaida, na msomaji anaamua mwenyewe.

Hapa Uganda tuna mfano mzito zaidi. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 14, Facebook ilifuta akaunti ilizosema zilihusiana na kituo kimoja cha wizara inayoshughulikia habari na teknolojia. Kosa iliyolitaja halikuwa kumsifu mgombea, kwani kila raia ana haki hiyo. Ilisema akaunti bandia zilitumika kuendesha kurasa, kutoa maoni na kusambaza machapisho ili yaonekane yanapendwa kuliko yalivyopendwa. Serikali ikajibu kwa kuufunga mtandao huo. Ukisoma chapisho moja la namna hiyo peke yake, unaweza kuliona la kawaida kabisa. Hadaa iko pale mtu mmoja anapojifanya umati.

Wapo watakaosema hatuwezi kujua yaliyo moyoni mwa mwandishi. Ni kweli, wala hatuhitaji kuyajua. Tunahitaji kuuliza: Anayesema ndiye anayejitambulisha? Kuna anayemlipa? Amekata sehemu gani ya habari au ya picha? Shangazi anayesambaza ujumbe wa uongo kwenye kundi la familia kwa nia njema si laghai, ingawa ujumbe wenyewe ni wa hadaa. Tuuhukumu ujumbe, tumwache shangazi.

Wengine watasema kazi hii ni ya sheria. Nao nawajibu kwa mfano wa hapa hapa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 kiliharamisha mawasiliano yanayovuruga amani, utulivu au faragha ya mtu. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha, ikiona maneno yake hayaeleweki mipaka yake. Neno pana kiasi hicho humnasa mlalamikaji kwa urahisi kama linavyomnasa mwongo.

Neno "propaganda" tunalolirusha ovyo lina upana ule ule. Kwa hiyo nadai jambo moja: anayemwita mwenzake mhadaifu ataje kilichofichwa. Akishindwa kukitaja, basi aache shutuma, aijibu hoja ya ada.