Kredi za mwanafunzi zisipotee njiani

Kijana wa Fizi, mashariki mwa Kongo, anayeanza masomo ya juu Baraka, karibu na mlo wa mama yake, akaendelea Uvira, kisha akaomba kumalizia Bukavu, hakutangatanga; amepita palipopitika. Wapo waliosimamishwa na ada, wapo waliokatiwa barabara na vita, na tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 mipango ya familia nyingi imevurugika. Ni dhuluma, basi, kumpokea kijana huyo na kumrudisha mwaka wa kwanza kana kwamba hakusoma lolote. Mfumo wa LMD (shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu) ambao vyuo vya Kongo vimeuchukua unahesabu kazi ya mwanafunzi kwa kredi: 60 kwa mwaka, 180 kwa shahada ya kwanza. Kredi iliyopatikana kihalali ni mali yake, popote alipoipata. Vijana wetu, kabla ya kulipa hata faranga moja, ulizeni kama chuo kinatambuliwa na serikali. Kila muhula ukiisha, chukueni karatasi ya alama yenye sahihi na muhuri, pamoja na maelezo ya kila somo. Na msihame kabla chuo kipya hakijasema kwa maandishi kitakubali nini. Nanyi wakuu wa vyuo vya Baraka, Uvira na Bukavu, kaeni meza moja, mlinganishe masomo yenu na kutia sahihi mapatano. Mzazi aliyeuza mihogo na ndagala kulipia mwaka mmoja hastahili kuulipia mara mbili.