Maji ya moto ya Kiabukwa: tuanzie joto, umeme utafuata

Kila tunapozungumzia nishati katika DRC, tunaishia Inga. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1952, kule Kiabukwa katika Katanga, kilijengwa kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi barani Afrika. Kilikuwa kidogo, megawati 0.2 tu, kwa ajili ya mgodi. Maji yake yalikuwa na nyuzi 91. Kituo kilisimama zamani sana, na leo likitajwa jina Kiabukwa, wataalamu wanafikiria tu kufunga mtambo mwingine wa umeme.

Mimi naona hapo tunakosea hesabu. Maji ya nyuzi 91 yanaunguza mkono, lakini kwa turbini ni ya uvuguvugu, na sehemu kubwa ya joto inapotea bure. Chukua mfano: lita 40 kwa sekunde zikipozwa kwa nyuzi 30 zinaachia kilowati 5,000 hivi za joto. Hiyo ni mara 25 ya umeme wa kile kituo.

Joto hilo lina kazi. Samaki wa maziwa ya Upemba wanakaushwa kwa moshi, na kila kilo inakula kuni. Hewa iliyopashwa moto na mabomba ingekausha samaki na muhogo bila kukata mti.

Tena joto linatengeneza baridi. Wazee wanaokumbuka frigo ya petroli katika zahanati za misheni hawatashangaa: moto mdogo chini, ubaridi juu. Kule Chena, Alaska, maji ya nyuzi 74 huendesha mtambo wa amonia unaolinda jumba la barafu lisiyeyuke wakati wa joto. Ni kweli, Alaska wana maji baridi ya kupozea mtambo, sisi hatuna. Kwa hiyo tusiahidi barafu kwanza. Tuanze na vyumba baridi vya kuhifadhi samaki na mboga. Pampu na feni bado zitahitaji umeme kidogo, na jua lipo.

Lakini joto halipendi safari ndefu. Mtu asije na mradi wa kulipeleka Lubumbashi kwa bomba. Kiwanda ndicho kinapaswa kufuata chemchemi, na hilo ndilo linanifurahisha, kwa sababu kazi zitabaki kijijini.

Kabla ya kununua hata bomba moja, yapimwe maji mwaka mzima, masika na kiangazi: wingi, joto, na chumvi zake, maana chokaa inaziba mabomba haraka. Vipimo hivyo vitangazwe, visifungiwe ofisini Kinshasa. Na machifu pamoja na wanaotumia maji ya pale waulizwe mapema, kabla hawajaona uzio umesimama na mlinzi mlangoni.