MWENYE NGUVU MPISHE SI SHERIA YA BARABARA



Ipo methali ambayo watawala wa nchi hii wameipenda mno: mwenye nguvu mpishe. Jijini Nairobi imegeuzwa kuwa sheria ya barabara. Mtembea kwa miguu alipishe gari, mpanda baiskeli alipishe gari, na kila magari yanapohitaji nafasi zaidi, kipande cha kwanza kumegwa ni cha wasio na magari. Sisi twaikataa sheria hiyo. Twasema kwamba njia ya baiskeli na njia ya miguu ni mali ya umma, na anayeiondoa bila kuwauliza wenyewe anatawala kwa mtindo ule ule tulioupinga tangu enzi ya chama kimoja.

Tuanze na yanayoonekana kwa macho. Nairobi Expressway, barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022. Baiskeli haikubaliwi humo, wala pikipiki, wala tuktuk, wala mtu anayekwenda kwa miguu. Kwa gari dogo, ada ya juu kabisa ilipandishwa kutoka shilingi 360 hadi 500 mnamo Januari 2024. Barabara hiyo imesimamishwa juu ya Uhuru Highway na Waiyaki Way, yaani juu ya ardhi ya wananchi wote. Ilipokuwa ikijengwa, njia za miguu zilichimbuliwa na kufungwa, na watu wakapita matopeni kando ya malori. Ardhi ilikuwa ya wote, vumbi likawa la wengi, barabara ikawa ya wachache.

Na hao wengi ni akina nani? Ni mlinzi atokaye Kangemi alfajiri kwenda Westlands, ni fundi wa Kawangware anayepitia Lavington kutafuta kibarua, ni mama afanyaye kazi za nyumbani Kilimani, ni kijana anayesambaza mikate kwa baiskeli. Katika chunguzi za usafiri wa jiji hili, karibu safari 40 katika kila 100 zimekuwa za miguu. Nchini kote, kila mwaka kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa watembea kwa miguu. Makanisa yetu yamewazika. Hatuwezi kumzika mtu Jumamosi kisha Jumapili tukanyamaza juu ya barabara iliyomuua.

Tutaambiwa kwamba serikali imejenga njia hizo. Naam, imejenga. Katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, Wabera na Muindi Mbingu zilipewa njia pana za miguu na za baiskeli na ile idara iliyojulikana kama NMS, iliyoundwa mwaka 2020 chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Tulizifurahia. Lakini idara hiyo haikuchaguliwa na mpiga kura hata mmoja, nayo imekwisha kuvunjwa. Mwaka huo huo wa 2020, mti mkubwa wa mugumo kando ya Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya Rais. Tulishukuru kwa ajili ya mti. Lakini raia haishi kwa fadhili. Kilichotolewa kwa amri huondolewa kwa amri, na anayepewa haki yake kama zawadi hana la kusema siku zawadi inaporudishwa.

Wanaotaka nafasi hiyo irejee kwa magari wana hoja moja kubwa: njia hizo ni tupu. Twawajibu hivi. Ukijenga daraja likakomea katikati ya mto, usishangae kwamba hakuna anayevuka. Vipande vya katikati ya jiji havijaunganishwa kwa njia moja isiyokatika hadi Kangemi na Kawangware, wanakoishi watumiaji wenyewe. Penye njia, gari limeegeshwa juu yake. Penye njia nyingine, pikipiki zimeigeuza kituo. Kwanza wanaiziba njia, kisha wanaulizana mbona haina watu!

Wala tusikubali kugombanishwa sisi kwa sisi. Mama mboga aliyetandaza bidhaa zake kando ya Ngong Road si adui wa mpanda baiskeli. Alifika hapo kwa kukosa soko. Dawa ni kumjengea soko, si kumwita askari wa jiji, wala kumfanya kisingizio cha kufuta njia.

Waumini mnaijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alikuwa na mashamba, lakini alilitamani la jirani, na likapatikana kwa hila na damu. Mwaka 1989 Ahabu wa zama zile alilitamani shamba la umma, Uhuru Park, akitaka kusimamisha humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alisimama, akatukanwa hata Bungeni, na jumba halikujengwa. Siku ya mwaka mpya wa 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri dhidi ya utawala wa chama kimoja wakati wengi walinong'ona tu. Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopatikana kwa kumpisha mwenye nguvu.

Leo tuna silaha ambazo wazee wetu hawakuwa nazo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa; kifungu cha 196 kinalibana bunge la kaunti kuutekeleza. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa watembeao, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Ahadi imo katika maandishi. Fedha ziko wapi?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Njia yoyote isiondolewe kabla ya wakazi wa wadi husika kusikilizwa hadharani. Asilimia 20 ionekane waziwazi katika makadirio ya kaunti. Na kila barabara kuu inayopanuliwa, iwe ya kaunti au ya serikali kuu, iwe na njia ya miguu na ya baiskeli isiyokatika.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka. Kila parokia na kila kikundi kiwachague watu wawili, wazipime kwa miguu yao njia za wadi yao, waandike palipozibwa na palipovunjwa, na wafike kwenye vikao na karatasi mkononi. Diwani akisema hakuna fedha, aulizwe zimekwenda kwa nani. Akikaa kimya, jina lake lisomwe kanisani na mkutanoni, hadi siku ya kura.