Kwotabaki wa Akiba na Hukumu ya Jukwaani

Imani iliyoenea miongoni mwa mashabiki wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani ni kwamba timu inaposuasua, dawa yake imekaa kwenye benchi: yule kwotabaki wa akiba, anayenyimwa nafasi na kocha kwa ukaidi au kwa upendeleo, ndiye ambaye angeiokoa timu kama angeanzishwa Jumamosi ijayo. Husemwa redioni, vijiweni na majukwaani kwa uhakika wa mtu anayesimulia alichokishuhudia kwa macho yake mwenyewe, na hapo ndipo penye kosa, kwa maana jambo linalodaiwa kuonwa kutoka jukwaani halionekani kutoka huko.

Kwotabaki ni mchezaji anayeongoza mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao timu mbili za watu 11 kila moja hugombania mpira wenye umbo la yai, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu huongezewa mengine manne, ikishindwa humwachia mpinzani. Kila jaribio huanza pale mchezaji wa katikati ya ukuta wa mbele anapomrudishia kwotabaki mpira kati ya miguu yake, na tangu hapo kwotabaki ana sekunde tatu hivi za kuamua kama atamkabidhi mkimbiaji, atakimbia nao mwenyewe, au ataurusha kwa mmoja wa wapokeaji wanaotawanyika mbele yake. Kwa kuwa karibu kila jaribio hupitia mikononi mwake, watazamaji humhesabia yeye kila kinachotokea, ingawa kazi yake haiwezi kutenganishwa na kazi ya wenzake kumi.

Ichukuliwe pasi iliyonaswa na mpinzani, ambayo ndiyo shitaka linalotajwa mara nyingi dhidi ya kwotabaki anayeanza. Katika timu nyingi mpokeaji huruhusiwa kubadili njia yake ya kukimbia kwa kumsoma beki anayemkabili, na kwotabaki naye humsoma beki yuleyule na kuurusha mpira mahali ambapo mpokeaji anatazamiwa kufika, hivyo wawili hao wakisoma tofauti mpira huangukia mikononi mwa adui, na mtazamaji hana njia ya kujua ni nani kati yao aliyekosea. Pengine mmoja wa watu watano wa ukuta alimzuia mtu asiye wake, na kwotabaki akalazimika kurusha kabla ya wakati. Pengine kocha aliagiza shambulizi ambalo mpinzani alikuwa amekwisha kulitegea. Kamera ya televisheni hufuata mpira, na mpira ukiwa bado kwa kwotabaki, mabeki wa nyuma na wapokeaji walio mbali hutoka nje ya picha, wakati makocha hutazama filamu nyingine inayopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22. Aliyeko uwanjani anawaona wote, lakini anawaona mara moja tu, huku macho yake yakivutwa na mpira. Na hata ile filamu ya makocha haisemi kila mchezaji aliagizwa nini kabla ya mpira kuanza. Hilo wanalijua waliokuwapo mazoezini.

Mazoezi hayo ndiyo kiini cha suala lote, na ndiyo ambayo shabiki hayaoni, kwa kuwa wakati wa msimu timu nyingi hufunga milango yao. Chama cha taifa cha michezo ya vyuo, NCAA, kimeweka kikomo cha saa 20 kwa juma kwa shughuli za michezo zinazomlazimu mwanafunzi, na katika saa hizo chache sehemu kubwa ya majaribio na kikosi cha kwanza hupewa yule anayetarajiwa kuanza. Kocha huwaona anayeanza na wa akiba wakikabiliana na mabeki walewale, kwa mashambulizi yaleyale, siku baada ya siku tangu mazoezi ya majira ya kuchipua. Shabiki, kwa upande wake, humpima anayeanza kwa makosa ambayo amekwisha kuyatenda mbele ya watu, na wa akiba humpima kwa matendo ambayo hajayatenda bado. Waswahili husema kipya kinyemi kingawa kidonda, na katika futiboli kipya huwa kinyemi zaidi kwa sababu kidonda chake hakijapata nafasi ya kuonekana.

Kwotabaki wa akiba anapoingia, mara nyingi mechi imekwisha kuamuliwa, mabeki bora wa mpinzani wamepumzishwa, na kocha humpa mashambulizi mepesi yasiyohitaji usomaji mwingi. Zaidi ya hayo, mpinzani hana filamu ya kutosha ya kumchunguza, kwa hiyo hajajua anapenda kurusha upande gani wala hufanyaje anaposongwa. Pasi tano nzuri alizorusha katika robo ya nne ya mechi kama hiyo hubebwa na mashabiki juma zima kama hati ya ushahidi, na hakuna anayeuliza zilirushwa dhidi ya nani.

Wenye imani hii wana kisa kimoja wanachokitanguliza mbele ya vingine vyote, na ni haki kisikilizwe kwa ukamilifu. Tarehe 8 Januari 2018, mjini Atlanta, Chuo Kikuu cha Alabama kilikutana na Chuo Kikuu cha Georgia katika fainali ya ubingwa wa taifa. Kwotabaki wa Alabama, Jalen Hurts, ambaye katika misimu miwili ya kuanza alikuwa amepoteza mechi mbili tu, alikamilisha pasi 3 kati ya 8 katika nusu ya kwanza, na Alabama ikaenda mapumzikoni ikiwa nyuma kwa pointi 13 bila. Kocha Nick Saban alimtoa, akamwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwahi kuanza hata mechi moja. Tagovailoa alirusha pasi tatu za tachidauni, yaani kufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani, na ya mwisho kati ya hizo ilikwenda yadi 41 kwa DeVonta Smith katika muda wa nyongeza, baada ya yeye mwenyewe kuangushwa na kuirudisha timu nyuma yadi 16 katika jaribio lililotangulia. Alabama ilishinda 26 kwa 23.

Tangu usiku ule, kila shabiki mwenye kwotabaki wa akiba anayempenda humwita huyo kijana Tagovailoa wake. Lakini uamuzi ule ulifanywa na mtu aliyekuwa amemtazama Tagovailoa mazoezini karibu mwaka mzima, na aliyejua ni mashambulizi yapi anayamudu mchezaji huyo na yapi Georgia ilikuwa haijajiandaa kuyakabili. Kama Saban angesikiliza majukwaa, angeweza kufanya jambo lilelile, ila asingekuwa na sababu yoyote ya kulifanya. Hiyo ndiyo tofauti ambayo ubishi wa mashabiki huifuta: kutaja jina sahihi na kuijua sababu ni mambo mawili, na anayelitaja kwa kubahatisha hawezi kudai kwamba atapatia tena msimu ujao katika timu nyingine.

Jambo zito zaidi ni hukumu iliyotolewa juu ya Hurts. Kilichosemwa hakikuwa tu kwamba mwenzake anafaa zaidi kwa mechi ile. Ilisemwa kwamba hajui kurusha na kwamba amefika mwisho wa uwezo wake. Tarehe 1 Desemba 2018, katika uwanja uleule wa Atlanta na dhidi ya Georgia ileile, Tagovailoa aliumia kifundo cha mguu wakati Alabama ikiwa nyuma kwa tachidauni moja katika robo ya nne, na Hurts, aliyekuwa amebaki chuoni na kukaa benchi msimu mzima, aliingia na kuiongoza timu kushinda 35 kwa 28. Mwaka uliofuata alihamia Oklahoma na kushika nafasi ya pili katika Tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote. Februari 2025 alichaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa na Philadelphia Eagles. Mtu ambaye majukwaa yalimfungia jalada akiwa na umri wa miaka 19 hakuwa amekwisha kukua.

Aliyempita Hurts katika Heisman ya mwaka 2019 ni ushahidi mzito zaidi. Joe Burrow alitoka Ohio State mwaka 2018, baada ya kuonekana kwamba angeshindwa na Dwayne Haskins katika kugombea nafasi, akaenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU. Msimu wake wa kwanza huko alirusha tachidauni 16 katika mechi 13 na kukamilisha pasi chini ya 58 katika kila 100, takwimu ambazo shabiki yeyote angezisoma kuwa za mchezaji wa kawaida, na kwa kweli hazikustahili kusomwa vinginevyo. Msimu wa pili, kwa mikono ileile, alirusha tachidauni 60, akakamilisha pasi 76 katika kila 100, na LSU ikashinda mechi zake zote 15. Katikati ya misimu hiyo chuo kilimleta Joe Brady kutoka New Orleans Saints kusaidia kupanga mashambulizi ya pasi, kikaacha mtindo wa zamani wa kusongamana katikati na kuwatawanya wapokeaji, na vijana wawili, Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, wakapevuka kwa pamoja. Shabiki ambaye mwishoni mwa 2018 angedai LSU itafute kwotabaki mwingine angekuwa na takwimu zote upande wake, na angekuwa ameomba kuondolewa kwa mmoja wa wachezaji bora kabisa waliopata kucheza futiboli ya vyuo.

Na Ohio State iliyompoteza Burrow je? Haskins alirusha tachidauni 50 msimu uleule wa 2018. Chuo hicho hakikukosea kumchagua, na Burrow hakuwa mbaya kwa kuachwa. Ni chuo hichohicho ambacho mwaka 2014 kilimpoteza Braxton Miller kwa jeraha la bega kabla ya msimu kuanza, kikampoteza J.T. Barrett aliyevunjika kifundo cha mguu katika mechi dhidi ya Michigan, kisha kikatwaa ubingwa wa taifa kwa Cardale Jones, mtu wa tatu katika orodha, aliyeanza mechi tatu tu na kuzishinda zote. Mashabiki walihitimisha kwamba Jones alikuwa amefichwa. Mkimbiaji Ezekiel Elliott, ambaye katika fainali dhidi ya Oregon alikimbia yadi 246 na kufunga tachidauni nne, alistahili kuzingatiwa zaidi katika hitimisho hilo, na vivyo hivyo ule ukuta uliomfungulia njia. Msimu uliofuata Jones ndiye aliyeanza, na kabla haujaisha nafasi ilikuwa imerudi kwa Barrett.

Upo pia msemo kwamba timu yenye kwotabaki wawili haina hata mmoja, nao haustahili maneno mengi: Florida ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2006 kwa kuwatumia Chris Leak na Tim Tebow pamoja.

Itajibiwa kwamba makocha nao hukosea, na ni kweli. Wana kandarasi za kulinda, wana wakongwe wanaowaonea haya kuwaweka kando, na wana mazoea. Baker Mayfield aliichezea Texas Tech mwaka 2013 bila ufadhili wa masomo, akaondoka, na mwaka 2017 akatwaa Heisman akiwa Oklahoma. Lakini kosa la mwenye habari nyingi haliwi hoja ya kumpa hukumu asiye na habari, na mgonjwa aliyetibiwa vibaya hapelekwi kwa mpita njia. Shabiki anayo mambo halali ya kuhoji, tena mazito: kwa nini ukuta hauzuii, kwa nini shambulizi lilelile limeagizwa mara tatu, kwa nini kocha analipwa mamilioni ya dola na timu haiboreki. Ubishi wa kwotabaki huyafunika hayo yote, kwa kuwa humtwika mwanafunzi mmoja mzigo wa watu wazima waliomsajili, wakampangia na kumfundisha.

Inasemwa pia kwamba tangu Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, huruma kwao imekwisha, na zaidi tangu mwaka 2025 vyuo vilipoanza kuwalipa moja kwa moja. Malipo yanampa mlipaji na mtazamaji haki ya kudai bidii na kukosoa mchezo, lakini hayampi maarifa ambayo hakuwa nayo, wala hayageuzi kuzomewa na makumi ya maelfu ya watu kuwa sehemu ya mshahara. Mwaka 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, aliyataka majimbo kuzuia kamari juu ya takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa vyuo, akitaja usumbufu ambao wanafunzi hufanyiwa. Kijana anayejua kwamba pasi moja iliyonaswa itawafanya watu waliite jina la mwenzake hurusha kwa woga, hushika mpira kwa sekunde moja zaidi ya inavyofaa, na huangushwa. Kisha kuangushwa huko huongezwa kwenye orodha ya ushahidi dhidi yake.

Ubishi huohuo ulizuka Septemba 2018, Chuo Kikuu cha Clemson kilipokuwa na Kelly Bryant, aliyekuwa ameiongoza timu hadi nusu fainali ya taifa msimu uliotangulia, na Trevor Lawrence, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesifiwa kote nchini. Baada ya mechi nne ambazo wote wawili walicheza, kocha Dabo Swinney alimtangaza Lawrence kuwa wa kuanza, na Bryant akaihama timu katika juma hilohilo. Tarehe 29 Septemba, katika mechi ya kwanza ya Lawrence kuanza, aliumia katika robo ya pili dhidi ya Syracuse. Aliyeingia alikuwa Chase Brice, ambaye jina lake halikuwa upande wowote wa ubishi ule, na zikiwa zimebaki dakika chache aliiongoza timu yadi 94 hadi mkimbiaji Travis Etienne, aliyekimbia zaidi ya yadi 200 siku ile, alipofunga na kuipa Clemson ushindi wa 27 kwa 23.