Karibu Kiti, Lakini Usikalie

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwa keja ya rafiki yangu Kilimani, ghorofa ya saba. Tulikuwa watu kumi na mmoja, makochi mawili. Kando ya dirisha nikaona kigoda cha miguu mitatu, juu yake waya wa shaba umezungushwa kama jua. Nikaketi. Mazungumzo yakakatika. "Aki usikalie hiyo," rafiki yangu akasema. "Hiyo ni ya urembo."

Nikainuka, nikakaa kwa sakafu. Tangu siku hiyo nina hasira, na nataka kuimalizia hapa.

Uende Lamu, uende Kitui, uende Kakamega, mgeni akiingia mlangoni anapewa pa kuketi kwanza. Kabla ya chai, kabla ya habari za nyumbani: karibu kiti. Sisi tuliohamia ghorofani tumegeuza mambo. Tumejaza nyumba vigoda vya kuangaliwa. Kimoja kimebebeshwa maua, kingine vitabu ambavyo hakuna aliyevisoma, cha tatu kimekaa pekee yake kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Mgeni anaambiwa karibu, lakini si sana.

Najua vile hivi vigoda vinafika Kilimani, kwa sababu nimekula pesa zake. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, nilipata kibarua cha kuandikia duka moja la vitu vya nyumbani maelezo ya bidhaa. Kila stuli maneno sitini, shilingi mia moja na hamsini. Duka lilikuwa na rafu tatu: stuli za kale kabisa, stuli za enzi za wazazi wetu, na stuli za kisasa. Nilimuuliza msimamizi tofauti yake ni gani. Akaniambia tofauti ni bei.

Rafu ya kale ndiyo ilinifundisha kudanganya. Nusu yake ilikuwa mali mpya. Unasugua kingo kwa msasa, unapaka rangi ya viatu, unazika kwa udongo wenye unyevu siku kadhaa, kigoda kinatoka kimezeeka kuliko babu yako. Mimi nikaandika kwamba kilikaliwa na vizazi vitatu vya wazee. Manze, kilikuwa kimekaliwa na fundi peke yake, akila githeri saa saba mchana.

Lakini ile nusu nyingine, iliyokuwa ya kale kweli, ndiyo iliyoniuma zaidi. Kwetu ni Ukambani. Umau, babu yangu, alikuwa na kivila chake, kigoda cha miguu mitatu kilichopambwa kwa waya. Zamani mzee alienda barazani na kigoda chake mkononi. Hakuazima cha mtu. Na miguu mitatu si mapambo, ni hesabu. Ua la nyumbani halijanyooka, na kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mashimo. Cha miguu minne kinataka sakafu ya fundi wa tailsi.

Nilipopata nafasi ya chuo, mjomba alikiuza kwa msee wa pikipiki aliyekuwa akizunguka vijijini akinunua vibuyu, mikuki na vigoda vya zamani. Shilingi mia nane. Ikawa nauli yangu na chenji ya godoro. Chuo chenyewe sikumaliza. Susu siku hizi anaketi kwa kiti cha plastiki. Hajawahi kunilaumu. Anachosema tu ni kwamba kile kiti kinateleza.

Pale dukani, kila kigoda cha Kikamba kilichoingia nilikipindua kabla ya kukiandikia. Cha umau kilikuwa na ufa chini, umezibwa kwa kipande cha bati. Sikukipata. Niliona vingine vingi vyenye viraka vya watu wengine, vikiuzwa elfu ishirini na nane kila kimoja. Nikaendelea kuandika. Kodi ya nyumba haingoji dhamira.

Rafu ya katikati ilikuwa kichekesho. Kati ya stuli zake kulikuwa na zile za mbao za maabara ya shule ya upili. Zile zile zilizotuvunja mgongo tukisubiri chumvi ibadilishe rangi kwenye mtihani wa kemia. Mtu ameteseka juu yake miaka minne, sasa anainunua kwa elfu tisa aweke kando ya kitanda.

Na rafu ya kisasa? Hapo ndipo nilipoelewa mchezo wote. Kuna stuli maarufu ya Finland, miguu mitatu ya mbao za bachi iliyopindwa kwa ustadi, ya mwaka 1933. Kila anayejua mitindo atakutajia jina la aliyeibuni: Alvar Aalto. Sina ubaya naye, kazi yake ni safi. Lakini tazama kadi ya kigoda cha Ukambani kilicho jirani yake: "Kikamba. Mbao, waya." Basi. Stuli ya Finland ina jina la mtu, yetu ina jina la kabila. Ni kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja siku moja.

Na usifikiri ni maduka tu. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na wasanii wa hapa na wenzao wa Ulaya, waliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika makavazi ya nje. Mwaka 2021 walifanya maonyesho Nairobi, na ndani yake kulikuwa na makabati ya vioo yaliyoachwa matupu. Kile Mzungu alichofanya na meli, sisi tunakifanya na pikipiki na akaunti ya Instagram. Tofauti ni kwamba sisi tunajiita wapenda utamaduni.

Kuna atakayeniambia Afrika ina vigoda visivyokaliwa. Ni kweli. Kigoda cha Dhahabu cha Waashanti hakikaliwi na yeyote, hata mfalme. Mwaka 1900 gavana Mwingereza, Frederick Hodgson, alikwenda Kumasi akadai aletewe akikalie. Alichopata ni vita, na aliyeviongoza ni Yaa Asantewaa. Kwa Waashanti, roho ya taifa imo ndani ya kile kigoda. Sasa niambie, roho ya nani imo kwenye stuli yako, kando ya spika ya Bluetooth?

Sisemi nyumba zisipambwe. Bedsita yangu ina pazia la kitenge na picha mbili ukutani, na ninazipenda. Ninachosema ni kwamba urembo wa kigoda uko kwenye kukaliwa. Ule ung'aavu wa katikati unaolipiwa elfu ishirini na nane haukutoka kwa rangi. Ulitoka kwa makalio ya mtu, miaka arobaini, akimenya maharagwe na kusuluhisha kesi za mipaka. Ukikiweka kisikaliwe, umekisimamisha kazi.

Kwa hivyo ukitaka kigoda, nenda kwa fundi aliye hai. Ngong Road wako, Gikomba wako, Wamunyu wako. Muulize jina lake na uliandike chini ya kiti kwa kalamu isiyofutika. Akikuambia bei, usimkamue kwa sababu tu hana kiyoyozi. Ukiuziwa cha kale, uliza kilitoka kwa nani na alilipwa ngapi. Muuzaji akianza kukupa hadithi ya vizazi vitatu, jua kuna kijana mahali alilipwa mia moja na hamsini kuiandika.

Mimi nimelipa arbuni ya kigoda kimoja, miguu mitatu, bila waya kwa sababu waya ni ghali. Ni cha Susu. Hakitakuwa cha umau, najua, na sitamdanganya.

Na wewe rafiki yangu wa Kilimani, najua unasoma hapa. Jumamosi hii nakuja tena. Toa lile ua, nitakaa pale dirishani.