Ukumbi Si Stoo: Mapambo Yashuke Tarehe 8 Januari

Ndugu wasomaji, wa kwenye mabloki na wa maofisini, naomba mnisikilize kabla Desemba haijafika. Neno langu ni dogo lakini limenikaa kooni tangu Januari: nani anaamua siku ya kutundika mapambo ya Krismasi hapa Kakuma, na nani anaamua siku ya kuyashusha?

Nianze kwa kujishtaki. Mwaka jana mapambo ya ukumbi wetu yalitundikwa tarehe 18 Novemba. Sisi Wakongo hata Majilio tulikuwa hatujaingia, na hakuna kwaya iliyokuwa imeanza mazoezi ya Noeli. Lakini wageni wa mradi walikuwa wanakuja, na ati ukumbi mtupu hautoki vizuri kwenye picha. Watoto wakapangwa mstari, wakaimba habari za kuzaliwa kwa Yesu katikati ya Novemba. Wageni wakapiga makofi, gari likaondoka.

Tarehe 27 Desemba tukaambiwa tushushe kila kitu. Mtunza stoo alikuwa anaenda likizo, na hesabu ya vifaa lazima ifungwe kabla mwaka haujaisha. Aliyepanda ngazi ni mimi. Napewa posho kidogo pale. Niliambiwa panda, nikapanda. Nikang'oa hata nyota ambazo hazikuwa mali ya stoo, zile ambazo vijana wetu walizikata kwa bati la madebe ya mafuta ya msaada. Zote zikaingia kwenye gunia moja.

Tarehe 6 Januari akaja mama mmoja Mwethiopia na wenzake. Walibeba jebena yao ya kahawa, ubani, na nyasi mbichi za kutandaza chini, sijui walizipata wapi kwenye ukame huu. Kesho yake ilikuwa Genna, Krismasi ya Waorthodoksi wa Ethiopia, ambayo huwa tarehe 7 Januari. Yule mama akatazama kuta. Misumari, na vipande vya selotepu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "Kaka, Yesu ameshaondoka?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Stoo ilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa kwao, likizo.

Sasa nawauliza. Kambi hii ipo tangu 1992. Kuna watu wamekula Krismasi zaidi ya thelathini hapa hapa. Ofisi gani itasema haijui kwamba tuna majirani ambao sikukuu yao ni Januari? Inajua. Ila mapambo yanahesabiwa pamoja na viti na ndoo, na kinachohesabiwa lazima kirudi stoo.

Majibu nayajua. La kwanza: upepo na vumbi la Turkana vitayaharibu mapambo yakikaa sana. Haya, tuhesabu. Kutoka 18 Novemba hadi 27 Desemba ni siku 39. Tukitundika Desemba mosi na kushusha tarehe 8 Januari, ni siku 38. Hata tumewapunguzia siku moja! Mbona habari ya vumbi haikutajwa Novemba, wageni walipokuwa wanakuja?

Jibu la pili linatoka kwetu wenyewe: "Resho imekatwa, na ninyi mnagombania makaratasi?" Namheshimu anayeuliza hivyo. Agosti 2025 tuligawanywa kwa makundi ya chakula, na wapo walioachwa mikono mitupu. Njaa haijadiliwi. Lakini tazama: siku ya chakula wanapanga wengine. Siku ya uhakiki wanapanga wengine. Siku ya safari ndiyo usiseme. Jirani yangu alishusha mti wake wa Noeli mapema, kabla ya Bonane, kwa sababu kesi yake ilikuwa imefika mwisho na alikuwa anangoja ndege ya Marekani. Mti wenyewe ni tawi la mathenge, alilokuwa akilizungushia karatasi nyeupe ya chooni kila mwaka. Akagawa vyombo, akagawa na mapambo, akatuambia Krismasi ijayo atapamba kwenye theluji. Januari hiyo hiyo Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Jirani yangu bado yuko, na sufuria anaazima kwangu.

Tarehe zote kubwa za maisha yetu ziko mkononi mwa mtu tusiyemjua. Hii ya mapambo haigharimu hata shilingi. Kwa nini nayo tuitoe?

Na sisi tusijifanye watakatifu. Wakongo wenzangu, tunajuana. Tukiachiwa, maputo yatabaki ukutani hadi Pasaka, yamenywea kama maembe makavu, na mbuzi wanatafuna riboni mlangoni. Huko si kuipenda Noeli, huo ni uvivu. Ukumbi ule Wasomali wanauhitaji kwa Idi yao, na Idi inafuata mwezi, haitungojei sisi. Wengine wanauhitaji kwa harusi na kwa matanga. Anayedai siku ya kutundika lazima akubali na siku ya kushusha.

Nyumbani kwako ni kwako. Pamba Oktoba ukitaka, acha nyota mlangoni mwaka mzima, sina neno. Nasema ukumbi, ambao ni wa wote. Viongozi wa makanisa, Waorthodoksi wakiwemo, wakae na vijana na mtu wa ofisi kabla ya mwezi huu kuisha, waandike mistari miwili tu: Desemba mosi yanapanda, 8 Januari asubuhi yanashuka. Ufunguo wa stoo ubaki kwa mtu ambaye haendi likizo, na kambini hapa watu hao hatukosi. Wageni wakija Novemba, wapige picha ya ukuta mtupu. Ndivyo ulivyo Novemba.

Kuhusu mimi, ngazi ile naijua, na najua posho inaweza kukatika kwa neno moja. Lakini tarehe 27 Desemba nikiambiwa panda, safari hii nitauliza kwanza kama yule mama ameshakunywa kahawa yake. Kama bado, atafutwe mwingine wa kupanda.